Bwana Sharpe na mukanda uliokataliwa Bunkeya



Juma iliyopita kijana mumoja aliingia katika ofisi yetu ndogo ya sendika na mukanda mukononi. Anafanya kazi katika moja ya zile kampani zenye kuchukua watu kwa muda mufupi na kuwapeleka kwenye mugodi wa wengine. Jina la kampani sitalitaja. Kontra yake ilikuwa na kurasa ine. Tatu za kwanza zilikuwa safi kabisa, hata kukunjwa hazikukunjwa. Kwenye ukurasa wa ine, chini, kulikuwa sinyatiri yake.

— Ulisoma? nikamuuliza.

— Hapana, papa delege. Balitupatia paji ya mwisho tu. Balisema tusinye mbio-mbio, bisi iko nangoya.

Katika ofisi kulikuwa pia muzee mumoja wa pansio, mutu aliyefanya maisha yake yote kwenye kuyeyusha shaba. Alikuja juu ya karatasi zake mwenyewe. Akacheka pole pole, akamwambia kijana: « Mwanangu, hata Msiri hakusinya mbele ya kusomewa. »

Kijana hakuelewa. Jina la Msiri analijua, nani hapa kwetu halijui? Lakini habari ya ule mukanda hakuisikia hata siku moja, na mimi nikaona haya, kwa sababu miaka mingi nilikuwa sawa naye. Kwenye masomo tulifundishwa Stanley, Léopold II, Stairs. Yule Muingereza aliyefika Bunkeya na mukanda mbele ya Stairs, hakuna mwalimu aliyetuandikia jina lake kwenye ubao. Jina lake ni Alfred Sharpe. Kama mukanda wake ungepita, Katanga ingekuwa inchi ya Waingereza, na leo ningekuwa nawaandikia katika gazeti la Kiingereza.

Nataka kuwaeleza maisha ya kazi ya mutu huyu, kwa sababu kazi yake ilikuwa ileile yenye kutusumbua sisi kila siku: kuleta mukanda mbele ya mutu na kungoja aweke alama.

Wakili aliyekuja kuwinda tembo

Sharpe alizaliwa mwaka 1853 katika muji wa Lancaster, kaskazini ya Uingereza. Alijifunza sheria, akawa wakili. Mulichunge hilo neno akilini: alikuwa mutu wa mikanda tangu ujana wake. Alijua kwamba neno moja katikati ya ukurasa linaweza kubeba shamba lote la mutu.

Kisha akaenda mbali, kwenye visiwa vya Fiji katika bahari ya Pasifiki, vilivyokuwa chini ya Waingereza. Kule alikuwa muhukumu kwa muda. Ile kazi haikudumu. Mwaka 1887 akafika upande wa ziwa Nyasa, inchi tunayoiita leo Malawi. Hakutumwa na serikali. Alikuja na bunduki yake kuwinda tembo, juu ya pembe na faranga ya pembe.

Kule kaskazini ya ziwa, fasi ya Karonga, kampani moja ya biashara ya Waingereza ilikuwa katika vita na Mlozi, mufanyabiashara mukubwa wa pembe na watumwa. Sharpe akaingia katika ile vita mwaka 1888, pamoja na Lugard, ambaye kisha alikuwa mukubwa katika Uganda na Nigeria. Vivyo hivyo muwindaji akaanza kujulikana na watu wa serikali.

Mwaka 1889 akafika Harry Johnston, konsuli wa Uingereza. Konsuli ni mutu wa serikali anayekaa katika inchi ya wengine kuchunga mambo ya watu wa kwao na biashara yao. Lakini Johnston alikuwa na kazi ingine pia: kukusanya inchi. Alihitaji watu wenye kujua njia za pori, wenye miguu migumu, wasioogopa, na wenye kujua kuandika mukanda wa sheria. Sharpe alikuwa na hayo yote. Akafanywa makamu wa konsuli. Muwindaji wa tembo akawa mwanadiplomasia, na pori likabaki lilelile.

Haraka ya mwaka 1890

Juu ya nini haraka? Mwaka 1885, kisha mukutano wa Berlin, Léopold II alichora mipaka ya inchi yake ya Congo, na Katanga ikawa ndani ya mustari. Lakini mustari ulikuwa kwenye karatasi huko Bruxelles. Katika Katanga yenyewe hakukuwa hata mutu wake mumoja. Na kati ya wakubwa wa Ulaya, mwenye ramani bila watu na bila mikataba alikuwa na haki ya zaifu. Aliyefika wa kwanza na mukataba wenye alama ya mufalme wa fasi ile, yeye njo alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Mutu aliyeona ile nafasi ni Cecil Rhodes, tajiri wa almasi wa Afrika ya Kusini. Mwaka 1889 kampani yake, British South Africa Company, ilipata ruhusa ya malkia wa Uingereza kushika inchi kaskazini ya Limpopo. Rhodes alisikia habari ya shaba ya Katanga. Nani hakuisikia? Mbele ya Muzungu kukanyaga hapa, wazee wetu walikuwa wanachimba jiwe la kijani, wanaliyeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi, na misalaba yao ya shaba ilikuwa inatembea mbali sana, mukono kwa mukono, soko kwa soko. Waliitwa wakulia-shaba.

Basi mwaka 1890 watu wawili wakatumwa kuelekea Katanga. Wa kwanza alikuwa Joseph Thomson, musafiri mwenye jina kubwa. Ndui iliingia katika wabeba-mizigo wake, akarudi nyuma bila kufika. Wa pili alikuwa Sharpe.

Angalieni hapa vizuri, wandugu. Sharpe alikuwa amevaa kofia mbili. Ya kwanza ni ya serikali ya Uingereza: makamu wa konsuli. Ya pili ni ya kampani: ile inchi, kama ikipatikana, Rhodes njo angekula faida. Mutu wa kijiji anayemuona Muzungu mumoja na bendera moja, atajua namna gani kama anaongea na serikali ao na kampani? Hilo ulizo halijazeeka.

Kazembe alisinya

Si kila mufalme alikubali. Mpezeni, mukubwa wa Wangoni upande ambao leo ni mashariki ya Zambia, alimukatalia Sharpe mwaka uleule wa 1890. Sharpe akaendelea na njia yake mupaka bonde la Luapula, kwa mwata Kazembe Kanyembo.

Ufalme wa Kazembe ulikuwa wa zamani. Walunda wake walitoka kwa Mwata Yamvo, wakaketi pale Luapula, na wageni kutoka inchi za mbali waliwakuta wakiwa na nguvu: Mureno Lacerda mwaka 1798, Livingstone mwaka 1867. Lakini wakati Sharpe anafika, ile nguvu ilikuwa imepungua. Magharibi ya muto, Msiri alikuwa amejitwalia inchi zilizokuwa zikilipa kodi kwa Kazembe, na njia ya biashara ya shaba ilikuwa imegeukia kwake. Mufalme mwenye adui wa namna ile akiona mugeni mwenye bunduki anasema neno « urafiki », anasikia mbio.

Kazembe akaweka alama yake. Mukanda ulisema habari ya urafiki na ya ulinzi wa malkia, na ndani yake kulikuwa pia haki juu ya madini ya udongo wake. Kazembe alipata rafiki mupya, ni vile aliamini. Sharpe alipata mukanda. Tutarudi kwa Kazembe.

Msiri alisomewa, akakataa

Mwezi wa 11 mwaka 1890 Sharpe akaingia Bunkeya.

Msiri hakuwa mutu wa kuzaliwa hapa. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, na baba yake Kalasa alikuwa mufanyabiashara kutoka Unyamwezi, katika inchi ambayo leo ni Tanzania. Walikuja juu ya shaba. Mutoto akabaki, akajenga, akapigana, akaoa katika kila kabila, akawa mufalme wa Garenganze. Watu wake njo Wayeke wa leo. Shaba, pembe, chumvi na watumwa vilitoka kwake kwenda pande mbili: mashariki mupaka bahari ya Zanzibar, na magharibi mupaka Benguela katika Angola. Bunduki na baruti vilirudi kwa njia zilezile.

Hatupashwi kumupaka asali. Alitawala kwa ukali. Wageni waliofika Bunkeya waliona mafuvu ya watu juu ya miti. Wasanga, wenye udongo wa zamani na wenye kujua kazi ya shaba, walilipa kodi nzito kwake na kuona watoto wao wanauzwa. Hilo jambo tulishike, kwa sababu njo litakuja kuamua kila kitu.

Lakini Msiri hakuwa mujinga. Tangu mwaka 1886 alikuwa na wamisionari katika muji wake. Wa kwanza, Frederick Arnot, Mukotishi, alikaa naye miaka miwili. Inasimuliwa kwamba Arnot alimwonya wazi: siku Muzungu atakuletea mukanda, usiweke alama mbele ya mutu mwingine anayejua kusoma kukuelezea maneno yake yote. Wakati Sharpe anafika, Arnot alikuwa amekwenda, lakini mwenzake Charles Swan alikuwa pale na alisikia lugha ya fasi.

Sharpe akatoa mukanda wake, mukanda wa aina ileile ya Kazembe. Msiri akataka maana yake, na si kutoka kwa yule aliyeuleta tu. Wakati alielewa kwamba maneno ya urafiki yalikuwa yamebeba inchi yake na madini yake, akakasirika. Hakuweka alama. Wakili wa Lancaster, aliyetembea miezi katika pori, akatoka Bunkeya na mukanda mweupe.

Wandugu, mimi nikisoma fasi hii huwa nasimama kidogo. Mufalme asiyejua kusoma alifanya kile ambacho sisi tuliopita masomo ya sekondari hatufanyi. Aliuliza: « Ni nini iko ndani? » Na hakumuuliza mwenye mukanda peke yake, alimuuliza mutu wa tatu.

Muzee wa pansio alifikia hapo katika masimulizi yake, na kijana akafurahi sana. Akapiga mikono. Lakini habari haikuisha hapo.

Mwaka mumoja tu

Kukataa kwa Msiri kulifungua mulango kwa wengine. Léopold alisikia kwamba Waingereza wamegonga kwenye mulango wa Katanga, akatuma safari moja kwa ingine. Paul Le Marinel akafika Bunkeya mwaka 1891, akaacha kambi kwenye Lofoi. Kisha Delcommune. Msiri akawapokea, lakini bendera ya Léopold hakuitaka.

Safari ya tatu ilikuwa ya kampani: Compagnie du Katanga, iliyoanzishwa mwaka uleule wa 1891. Mukubwa wake alikuwa William Stairs, afisa wa jeshi la Waingereza, aliyezaliwa Canada. Ndiyo, mumesoma vizuri: Muingereza mwenye mushahara wa upande wa Léopold, anatembea mbio kusudi Waingereza wenzake wasimupite. Aliondoka pwani ya Zanzibar na Bagamoyo na watu zaidi ya 300, wengi wao Waswahili wa pwani, akapita Tabora, akavuka ziwa Tanganika.

Na wakati ule Msiri mwenyewe alikuwa ameanza kuwaza tena. Wasanga walikuwa wameasi. Baruti ilikuwa inapungua. Vijiji vilikuwa vinamukimbia. Basi mukanda ukaandikwa kwa mukono wa misionari, kwenda kwa Sharpe, kumwita arudi. Ule mukanda haukufika. Stairs alikutana nao katika njia, akaushika. Sharpe alingoja jibu ambalo lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 1891 Stairs akafika Bunkeya. Hakuleta mukanda wa kusoma pole pole. Kwa siku chache wakaongea, na tarehe 19 akapandisha bendera ya Léopold bila ruhusa ya Msiri. Usiku Msiri akaondoka, akaenda kijiji cha Munema, karibu pale. Kesho yake, tarehe 20, kapiteni Omer Bodson akatumwa na askari kumuleta. Kukawa maneno, Bodson akapiga bunduki, Msiri akaanguka. Mutoto wa Msiri, Masuka, akamupiga Bodson, naye akafa. Juu ya kichwa cha mufalme, wazee wa Bunkeya wako na masimulizi yao, na kila mwaka tarehe 20 mwezi wa 12 Wayeke wanakumbuka ile siku.

Kisha Mukanda-Bantu, mutoto wa Msiri, akawekwa mufalme juu ya inchi iliyopunguzwa, naye akakubali ile ambayo baba yake alikataa. Hapo hakukuwa misionari wa kuulizwa « ni nini iko ndani? » Maiti ya baba yake njo ilikuwa maelezo.

Kijana wetu hakupiga mikono tena.

Na Kazembe, rafiki?

Wengine watasema: basi Msiri alikosa, angesinya kama Kazembe angekuwa na uzima. Ngojeni.

Mwaka 1894 Waingereza na Léopold walipatana juu ya mupaka, na muto Luapula ukawa mustari. Mukanda wa Kazembe ulisaidia Waingereza kushika upande wa mashariki. Watu wa Kazembe waliokuwa wanavuka muto kwenda kulima na kuvua samaki wakajikuta katika inchi mbili bila kuhama nyumba.

Sharpe, yeye, alikuwa anapanda. Wakati Johnston aliondoka, mwaka 1896, Sharpe akashika fasi yake kwenye uongozi wa inchi ya ziwa Nyasa. Mukanda wa urafiki ulikuwa katika sanduku. Kazembe alielewa kwamba yeye ni rafiki, na rafiki halipishwi kodi wala hapandishiwi bendera katikati ya muji wake. Mwaka 1897 afisa mumoja wa kampani alitaka kumulazimisha kwa nguvu, akarudishwa nyuma na watu wa Kazembe.

Mwaka 1899 jeshi likaja. Askari walitoka kwa Sharpe: maafisa wa Kiingereza, Wasikh kutoka India, na askari Waafrika wa Nyasa. Muji wa Kazembe ukachomwa, watu wakauawa, mufalme akakimbia. Alirudi mwaka uliofuata tu, kisha wamisionari wa Luapula kusimama kati yake na maafisa.

Miaka tisa, wandugu. Mutu yuleyule. Mwaka 1890 analeta mukanda unaosema ulinzi. Mwaka 1899 anatuma moto kwa yule aliyepashwa kulindwa. Na kwa akili ya wakili hakuna uongo: alama ya Kazembe iko chini, na juu yake kuna maneno ambayo Kazembe aliyasikia kwa namna moja na kampani iliyasoma kwa namna ingine.

Kodi ya nyumba

Sharpe alipewa cheo cha heshima na mufalme wa Uingereza mwaka 1903, akawa Sir Alfred Sharpe. Mwaka 1907 inchi ikaitwa Nyasaland, naye akawa gavana wa kwanza mwenye jina hilo. Kuna hata swala mudogo wa pori anayeitwa kwa jina lake katika vitabu vya wanyama. Waliomujua walimusifu kwa kutembea sana na kutokuwa na majivuno.

Lakini mutu wa sendika anaangalia kitu kingine: wakati wake njo kodi ya nyumba ilipangwa kwa akili ya namna hii. Tangu mwaka 1902, kila nyumba ilipashwa kulipa shilingi 6. Lakini aliyefanya kazi kwa Muzungu hata mwezi mumoja, yeye alilipa shilingi 3 tu. Hakuna aliyefungwa kamba. Hakuna aliyeambiwa « wewe ni mutumwa ». Ilikuwa hesabu tu, kwenye mukanda. Na ile hesabu ikatoa wanaume katika mashamba yao na kuwaweka katika mashamba ya kahawa na pamba ya wengine.

Kodi kama ile ilifanya kazi yake Luapula pia, chini ya kampani ya Rhodes. Na hapa njia inarudi kwetu. Mwaka 1899 watu wa Robert Williams, Mukotishi na rafiki wa Rhodes, walikuwa wanatafuta shaba kwenye mupaka huu. Kampani yake, Tanganyika Concessions, ikapatana na watu wa Léopold, na mwaka 1906 ikawa kati ya waliozaa Union Minière du Haut-Katanga. Kumbe Waingereza, waliokosa Katanga kwa mukanda wa Sharpe, waliingia kwa mulango wa nyuma, kwa mukanda wa aksio. Msiri alizikwa, inchi ikawa ya Wabelgiji, lakini sehemu ya faida ilipanda meli ya kwenda London.

Na wafanyakazi? Kwa miaka mingi, Robert Williams huyohuyo alituma watu wake kukusanya vijana wa Rodezia ya Kaskazini, zaidi sana wa bonde la Luapula, kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Wajukuu wa muji uliochomwa walikuja kwa miguu mupaka Elisabethville na mupaka Kambove. Wazee wengine wa kambi zetu walizaliwa na baba za namna ile. Njo maana lugha ya Luapula haikuwa ya kigeni katika kambi zetu.

Sharpe aliacha kazi mwaka 1910 na akafa mwaka 1935.

Na sisi?

Nimeeleza habari hii mara mbili katika mukutano wa wafanyakazi, na kila mara watu wanagawanyika. Wengine wanasema: Msiri ni shujaa, tukatae kila kitu. Wengine wanasema: mumeona kukataa kulimupeleka wapi, tusinye na tukule. Mimi naona habari ya Sharpe inawashinda wote wawili.

Kazembe alisinya, akachomewa muji. Msiri alikataa, akauawa. Kama sinyatiri ao kukataa kungekuwa dawa, mumoja wao angepona. Sharpe aliwakuta wote wawili na ugonjwa mumoja: kila mufalme alikuwa peke yake mbele ya mukanda. Kazembe alisinya kwa kumuogopa Msiri. Msiri alikataa vizuri, kwa akili nzuri, lakini nyuma yake Wasanga walikuwa wanangoja aanguke, kwa sababu kwa miaka mingi aliwala. Siku Stairs anapandisha bendera, mufalme aliyekuwa na inchi kubwa alikuwa na kijiji kimoja cha kukimbilia. Kusomewa alisomewa. Watu wa kusimama naye njo hakuwa nao.

Nasema hivi kwa kujihukumu pia. Delege anayegeuka Msiri mudogo, anayekula kwa wafanyakazi wake, anayeweka ndugu zake kwenye fasi nzuri na kusahau wa kazi ya siku, huyo anaweza kusema « hapana » yenye sauti kubwa mbele ya direkta, na direkta atatabasamu tu. Anajua kwamba nje ya mulango hakuna mutu. Nilikuwa katika chumba kama kile mwaka fulani. Nilisema « hapana » na nilikuwa na haki, lakini watu wa kazi ya siku hawakututetea, kwa sababu mwaka mumoja mbele yake sisi hatukuwatetea. Tulipoteza wote pamoja.

Basi kwa yule kijana tulifanya mambo mawili. La kwanza: tulikaa chini, yeye, muzee na mimi, tukasoma zile kurasa tatu neno kwa neno, Kifaransa mbele, kisha Kiswahili. Kwenye ukurasa wa tatu tulikuta kwamba kampani inaweza kumaliza kazi yake siku yoyote bila kumuonya, na kwamba amekubali mwenyewe. Alisoma ile mistari mara mbili na kidole chake. Tulimwambia kwamba sheria ya kazi ya inchi hii iko juu ya kontra ya kampani yoyote, na kwamba neno lenye kupinga sheria halisimami kwa sababu tu kuna sinyatiri chini yake. Hiyo ni haki ambayo Kazembe hakuwa nayo.

La pili, na ni kubwa zaidi: tulimuuliza watu wangapi walisinya siku ile wakati bisi ilikuwa inangoja. Alisema 40 na kitu. Tulimwambia: rudi na hao. Si wewe peke yako.

Siku ya posho wamekuja 17. Mutu mumoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, na yule asiyeelewa anasimamisha musomaji bila haya. Muzee wa pansio anakuja pia, ingawa karatasi zake mwenyewe bado hazijatoka. Juma hii tunangoja wale wengine. Mwenye kontra ambayo hakuisoma aje nayo, hata kama amekwisha kuisinya. Asikuje peke yake.